Kopo la Mwisho la Rangi Mbili

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mgonjwa wetu?"

"Kapona!"

"Kwa dawa?"

"Kwa bahati!"

Haya. Zamani, si zamani sana, mganga mkuu wa zahanati ya Bondeni alikuwa Kiboko. Muuguzi wake alikuwa Nguchiro, mfupi wa miguu, mrefu wa akili. Mfalme Simba, akitaka raia zake watibiwe vizuri, alitoa ahadi: kwa kila mgonjwa atakayepewa vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, mganga atapata tikiti maji moja. Twiga mkaguzi ndiye atakayeyaleta kila wiki.

Wee! Kiboko na tikiti!

"Unakohoa? Rangi mbili!" Kacha-kacha-kacha, kopo likatikisika.

"Umeteguka mguu? Rangi mbili!" Kacha-kacha-kacha.

"Mume hakupendi? Rangi mbili, asubuhi na jioni!"

Wanyama nao walifurahi, maana aliyerudi nyumbani bila kidonge alijiona hakutibiwa. Walimeza viwili, vilivyobaki wakamgawia jirani.

Mwisho likabaki kopo moja, vidonge kumi na vitano. Mengine hayaji mpaka mvua ziishe. Asubuhi hiyo akaingia Mama Digidigi na mwanawe mgongoni. Hu-hu-hu! Mbavu zinabonyea, mwili unawaka. Nguchiro akatega sikio kifuani. Nimonia.

"Daktari, huyu anahitaji kopo zima. Vitatu kwa siku, siku tano."

"Kopo zima kwa tikiti moja?" Kiboko akacheka, hoo-hoo-hoo. "Nje nina wenye mafua kumi na watano. Kidonge kimoja kimoja, tikiti kumi na tano! Wewe bibi, shule ulikwenda kula uji?"

Nguchiro akamtazama mtoto. Akamgeukia Kiboko.

"Kwani Daktari hujasikia? Sasa ni matikiti mawili kwa kila atakayepona bila rangi mbili."

"Mawili?" Masikio madogo ya Kiboko yakacheza. "Wote wapewe maji moto na ndimu! Na huyo dogo asipewe kitu!"

"Asipewe kabisa, Mkubwa. Ila hilo kopo... Twiga akilikuta mezani, si atasema ulikuwa unagawa?"

"Litupe! Litupe mbali!"

Nguchiro akalitupa. Likaangukia, pu! ndani ya kapu la Mama Digidigi.

"Asubuhi, mchana, jioni," akamnong'oneza. "Akianza kucheza usiache, malizeni vyote. Na jirani usimpe hata kimoja."

Siku ya saba Twiga akaja na mkokoteni wa tikiti, kwiku-kwiku-kwiku. Wenye mafua wote walikuwa wamepona, maana mafua yakichoka huondoka yenyewe.

"Kumi na watano, bila hata kidonge!" Kiboko akanguruma. "Shusha thelathini!"

Twiga akainamisha shingo. "Wiki hii rangi mbili umempa nani?"

"Hakuna!" Kiboko akajipiga kifua.

"Basi na tikiti hakuna."

"Wangu alipewa," akasema Mama Digidigi, mwanawe akirukaruka pembeni. "Na Bi Nguchiro. Kamaliza vyote."

Nguchiro akakabidhiwa tikiti lake moja, akalipasua palepale, mtoto akazamisha uso mzima ndani.

"Ulinidanganya, wewe!" Kiboko akafoka.

"Nilibahatisha tu, Daktari. Ulivyokubali haraka, hata mimi nikadhani ni kweli."

Hadithi yangu naishusha hapa. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa chungu, imezeni na maji mengi. Na fundisho lake ni hili: ukienda kutibiwa, usimweleze mganga unapoumwa mpaka umemuuliza anapenda tunda gani.