Kawaida ya Madereva Watatu

“Kawaida isiyotajwa, kila nyumba ina yake.” Mmeisikia methali hii kikaoni asubuhi, mkatikisa vichwa kama watu walioelewa, kisha mkaja kuniuliza kando imetoka wapi. Afadhali mmeuliza. Ilitoka kwenye ving’amuzi, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na ofisi moja mjini Iringa iliyotengeneza ving’amuzi vya masomo, vile visanduku vinavyochomekwa kwenye televisheni ya shule ili kuonyesha vipindi vilivyorekodiwa. Mkuu wa kazi alikuwa Tulizo Kalinga, mwanamke makini asiyependa kurudia neno. Video huhifadhiwa ikiwa imebanwa, na ndani ya kila king’amuzi kuna chipu ya kuifumbua. Kati ya chipu hiyo na programu ya kuonyesha hukaa programu nyingine ndogo ambayo mafundi huiita dereva. Programu ya kuonyesha inaagiza, dereva anaiendesha chipu.

Mwaka ule muuzaji hakuwa na chipu za aina moja za kutosha. Wakanunua aina tatu, na kila aina ikapewa fundi wake wa kuiandikia dereva. Lodrick alipewa ya kwanza, Nyambilila ya pili, Mzee Ngimbudzi ya tatu. Tulizo mwenyewe aliandika programu ya kuonyesha, na ili madereva wale wafanane akawaandikia mafundi wake waraka mmoja wa maelekezo. Alijivunia sana waraka ule.

Shule ya kwanza kupelekewa ving’amuzi ilikuwa shule ya viziwi ya Lugoda. Ilipewa vitatu, kimoja cha kila aina ya chipu. Watoto kumi na wanne wa darasa la saba walikuwa wamebakiza wiki tatu kufanya mtihani, na mwalimu wao wa hisabati alikuwa amehamishwa sura nane kabla ya kumaliza kitabu. Masomo yaliyobaki yalirekodiwa kwa lugha ya alama. Bila video zile, watoto wangeingia kwenye mtihani wakiwa na sura nane wasizowahi kufundishwa.

Siku ya pili simu ikaingia. Mwalimu Sekela, mlezi wa darasa lile, alisema picha haziko sawa. Tulizo akamuuliza Mzee Ngimbudzi. “Kwangu inafanya kazi,” akajibu Mzee bila kugeuka. Akamuuliza Lodrick. “Kwangu inafanya kazi.” Nyambilila naye akawasha king’amuzi chake mezani, akaonyesha picha safi, akasema yaleyale. Tulizo akampigia mwalimu, akamwambia azime na kuwasha. Maskini mwalimu akazima na kuwasha siku nne mfululizo. Mimi sijui jibu linaloudhi kuliko hilo la “kwangu inafanya kazi”. Mtu ana shida Lugoda, wewe unamweleza habari za mezani kwako.

Siku ya sita Tulizo akaenda mwenyewe, na aliyoyakuta yalimpandisha hasira hadi utosini. Televisheni ya kwanza ilikuwa nyeusi tii. Ya pili ilionyesha vizuri asubuhi, lakini watoto walipomaliza kutazama kipindi cha jiografia na kurudi kwenye hisabati, picha ikatoka imefinywa, mtu mwembamba kama ufito. Ya tatu ndiyo iliyomtesa zaidi. Picha yake ilikuwa kubwa, nzuri, imejaa skrini yote, ila imekatwa juu na chini. Mwalimu wa kwenye video alionekana uso na mabega tu. Mabega yalicheza, macho yalicheza, na mikono haikuwepo.

Msichana mmoja aliinua mikono yake akauliza jambo. Wenzake hawakucheka.

“Anasema nini?” Tulizo akauliza.

“Anauliza mwalimu huyu amefungwa mikono kwa kosa gani,” akajibu Mwalimu Sekela.

Tulizo akavichomoa ving’amuzi vyote vitatu, akavitia kwenye boksi. Kesho yake Mwalimu Sekela akapanda naye gari kwenda mjini. Alisema hatarudi Lugoda bila picha yenye mikono, na kwa jinsi alivyolikumbatia lile boksi njia nzima, ilionekana wazi kwamba hatanii.

Kikaoni Tulizo hakusalimia. “Mezani mnajaribu kwa programu zenu, zinazotaja ukubwa wa picha. Programu yangu haimtajii dereva ukubwa huo. Mahali pake inaacha sifuri. Sasa kila mmoja aniambie, dereva wake akiona sifuri anafanya nini.”

“Anafanya kama kawaida,” akasema Lodrick. “Anakataa. Mtu asiposema anachotaka, unampaje?”

“Kukataa ndiyo kawaida?” akadakia Nyambilila. “Wangu anachukua ukubwa wa video iliyotangulia. Mteja akija dukani asiseme kitu, si unampa kile alichonunua jana?”

“Ninyi nyote watoto,” akasema Mzee Ngimbudzi. “Kawaida ni kujaza skrini. Nani amenunua televisheni atazame mistari myeusi?”

“Hivi mnanifanyia makusudi?” Sauti ya Tulizo ilikuwa imepanda sasa. “Nimewaandikia waraka ili mfanane. Watoto wamepoteza wiki nzima. Nani aliwaambia hiyo ni kawaida?”

Watu watatu walitazamana. Nyambilila, taratibu, akafungua waraka ukurasa wa nne, akausoma kwa sauti: “Programu isipotaja ukubwa wa picha, dereva afanye kama kawaida.” Kisha akamsogezea Tulizo karatasi, kidole kikiwa kwenye sahihi ya Tulizo mwenyewe.

Tulizo aliusoma mstari ule mara mbili. Aliona aibu, na aibu ile ilimchoma zaidi kwa sababu ya kelele alizokuwa amepiga. Alipouandika alikuwa na kawaida yake kichwani, tena iliyo wazi kabisa: picha nzima, isikatwe popote. Hakuona haja ya kuiandika. Nani asiyeijua?

Mwalimu Sekela, aliyezoea kusema kwa mdomo na mikono kwa pamoja, akaweka boksi chini ili apate nafasi.

“Mimi nilipoolewa,” akasema, “mama mkwe aliniambia siku ya kwanza, ‘Mwanangu, leo pika maharage kama kawaida.’ Nikapika ya nazi kama kwetu. Baba mkwe hagusi nazi, inamdhuru. Alilala njaa, nami nikaonekana mkaidi. Nilikuwa nimepika kawaida kabisa. Dada yangu, kawaida isiyotajwa, kila nyumba ina yake.”

Tulizo akachukua kalamu, akafuta mstari wa ukurasa wa nne, akaandika juu yake mbele yao: Programu isipotaja ukubwa, dereva aonyeshe picha nzima kwa umbo lake, asikate, asikatae, asikumbuke ya jana, kisha airudishie programu taarifa ya ukubwa aliouchagua. Akawauliza mmoja mmoja wameelewa nini, na kila mmoja akasema kwa maneno yake mpaka majibu matatu yakawa jibu moja. Mzee Ngimbudzi alinung’unikia mistari myeusi hadi chai ya saa nne, lakini akaandika.

Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya nne Tulizo alisimama nyuma ya darasa kule Lugoda, ving’amuzi vitatu vikionyesha somo moja kwenye televisheni tatu. Picha ilikuwa ndogo kidogo, ina mistari myeusi pembeni, na mikono yote miwili ya mwalimu ilionekana hadi ncha za vidole. Alikuwa ametazamia labda watoto wafurahi. Hakuna aliyemtazama. Walikuwa na siku kumi na sura nane. Waliinama wakaanza kunakili.

Alisimama pale mpaka kipindi kikaisha, akihesabu siku ambazo neno lake moja lilikuwa limewalia watoto wale. Ndipo akajua kwamba Mwalimu Sekela hakumtania wala hakumbembeleza kule ofisini. Alimwambia kweli tupu: kawaida isiyotajwa, kila nyumba ina yake.