Mkia wa Kindi na Semina ya Kiboko

Paukwa.

Pakawa.

Mmekaa?

Tumekaa, na waliochelewa wameegemea ukuta.

Basi anayesinzia atikiswe, maana hadithi hii ni ya aliyesinzia.

Hapo kale, si kale sana kwa kuwa mashine zilikuwa zimeshafika, palikuwa na Kiboko mwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda la mabati, mashine moja, na mkanda mrefu uliozunguka wazi bila kifuniko, kachaka-kachaka, kachaka-kachaka, kutwa nzima. Kando ya mkanda alifanya kazi Panya, mpaka siku mkanda ulipomnyakua mkia. Nyaku. Akabaki na kipande cha kufukuzia nzi wa karibu tu. Kiboko akampa pole, akampa na ufagio, na mahali pake akamweka Kindi.

Sasa Kindi, wenzangu, mkia wake mnaujua. Baridi ikija ni shuka, mvua ikinyesha ni mwavuli, na sikukuu ndiyo nguo yake ya kutokea. Kila mkanda ulipopita, upepo wake uliuchezea ule mkia, na moyo wa Kindi ukaruka. Akaenda kumwomba Kiboko mbao za kuufunika mkanda. Kiboko akasema mbao zipo, ila ni za baraza lake la kupumzikia. Akamshauri afanye kazi akiwa ameukalia mkia.

Ikaja habari kwamba Korongo, mwalimu wa semina, anakuja kufundisha kijiji biashara na usalama kazini. Atakayehudhuria atapata chai na sambusa, mchana pilau, na mwisho cheti. Wafanyakazi wakafurahi. Kiboko akawaambia wasihangaike, wao wabaki na kazi, yeye atahudhuria kwa niaba ya wote. Na kweli, alikula kwa niaba ya wote.

Semina ilifanyika katika ghala la jirani. Kindi akatega sikio kwenye tundu la ukuta. Korongo alisoma makaratasi yake bila kuinua mdomo, soma, geuza, soma, geuza, na katikati ya maneno palisikika khoroo, khoroo. Kindi akachungulia. Kiboko amelala, mdomo wazi, sambusa kifuani. Ilipotajwa chai, akaamka. Chai ilipokwisha, khoroo. Lilipotajwa pilau, akaamka. Pilau lilipokwisha, khoroo. Vilipotajwa vyeti, akawa wa kwanza kwenye foleni.

Kesho yake akaingia kiwandani na cheti kinaning'inia shingoni kwa kamba, mfano wa fahali aliyeshinda maonyesho. Kindi akamwendea kwa adabu.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba."

"Hongera. Nasikia huko mmefundishwa kwamba wafanyakazi waote jua kidogo kabla ya kazi, viungo vilainike."

Kiboko hakuwahi kusikia jambo hilo. Lakini aseme nini? Aseme hakusikia, na cheti hiki hapa kifuani? Akakohoa.

"Ah, hiyo. Hiyo tulifundishwa."

Wakaota jua.

Siku iliyofuata Kindi akamkumbusha ile ya mashudu, kwamba mbegu zikishakamuliwa, makapi yake ni ya wafanyakazi.

"Ah, hiyo," akasema Kiboko, shingo upande. "Hiyo tulifundishwa."

Panya akarudi nyumbani na furushi linalonukia. Akanenepa mpaka akausahau mkia.

Hapo Kindi akaona njia imefunguka.

"Bosi, tunakungoja. Leo si ndiyo ile siku?"

"Siku gani?"

"Ile mliyofundishwa. Tajiri anasimama mwenyewe mahali pa hatari kuliko pote, ajionee."

Kiboko akautazama mkanda. "Ah, hiyo," akasema, na sauti imempungua. "Hiyo... tulifundishwa."

Akasimama kando ya mkanda. Kindi akakaa penye swichi. Kachaka-kachaka, kachaka-kachaka. Kiboko hana mkia wa kutaja, hivyo akajiona salama, akaanza hata kupiga mluzi. Mara akaona mbegu chache zimeanguka chini. Mbegu zake, ziozee sakafuni? Akainama kuziokota, na kamba ya cheti ikaning'inia.

Nyaku.

Mkanda ukadaka kamba. Shingo ikaenda mbele, macho yakamtoka, miguu ikakwaruza sakafu kwaru, kwaru, kwaru.

"Kindi, zima."

"Nakuja, bosi. Kuna na ile ya mbao za baraza, sijui kama mli..."

"Tulifundishwa," akalia Kiboko. "Hiyo tulifundishwa, zote tulifundishwa, zima."

Kindi akazima. Cheti kikatokea upande wa pili pamoja na mashudu, bapa kama chapati, kimelowa mafuta.

Kabla jua halijazama mbao zikapigiliwa, ko, ko, ko, na mkanda ukafunikwa wote. Kindi akauchana mkia wake unywele kwa unywele, akautandaza, akacheza nao mpaka Panya akamwomba aache maringo.

Lakini walimu wa semina wana desturi ya kurudi kufuatilia. Korongo akarudi. Akaona kifuniko, akaona wafanyakazi wanaota jua, akaona furushi la Panya, na Kiboko akamsimulia kwa fahari ile siku ya tajiri. Korongo akauliza mambo haya yote yametoka wapi.

"Kwako, mwalimu," akasema Kiboko. "Kwenye semina."

Kindi akaukumbatia mkia wake kwa mikono yote. Mwalimu akisema hapana, mbao zinarudi barazani na mkanda unabaki wazi. Korongo akafungua makaratasi, akageuza, akageuza. Makaratasi yale aliyasoma kila kijiji, wala hakuna siku aliyoyasikiliza. Akainua macho. Wafanyakazi wote wanamtazama. Akanyoosha shingo, akakohoa.

"Ah, hiyo," akasema. "Hiyo nilifundisha."

Na akaiandika pembeni, akaifundishe na kijiji cha pili.

Hapo ndipo nilipowaacha, wanaota jua. Ikiwa imekolea, tumekula wote. Ikiwa imepungua chumvi, niachieni sufuria nioshe mwenyewe.

Na funzo, kwa kuwa lazima liwepo: tuhudhurie semina, tukae macho, tusikilize kila neno. Ila tajiri wako akianza kusinzia, usimwamshe. Mtafutie mto.