Kwa Nini Shule ya Mirtenau Huingiwa kwa Mlango wa Bata

Zamani, watu wa Mirtenau walipokuwa bado wanaingia shuleni kwa mlango uliojengwa kwa ajili ya watu, hakuna mwanafunzi aliyerudi nyumbani na nundu kwenye paji la uso. Sogea dirishani, Habibu, niione hiyo yako. Ni ndogo. Babu yenu alipata kubwa zaidi, tena siku yake ya kwanza kama wewe. Usiulaumu mlango. Nitawaambia wa kulaumiwa. Na wewe, Tunu, sikiliza, maana mwakani ni zamu yako, na sitaki mwende mkarudie yale wanayoambiwa wageni, kwamba mlango ule ni mfupi kwa sababu watu wa kale walikuwa wafupi, na kwamba jengo limepinda kwa sababu ya kinamasi. Watu wa kale walikuwa warefu kama hawa wa leo. Na hapakuwahi kuwa na kinamasi pale. Palikuwa na bata bukini.

Wakati huo shule ya sekondari ya mji huu ilikuwa chumba kimoja juu ya ghala la chumvi. Wavulana walisoma wakiwa wamevaa makoti, na wakati wa mvua chumvi ilivuta unyevu hadi madaftari yakalegea kama mkate uliochovywa. Baraza la mji likaamua kujenga shule yenye heshima. Ikachorwa ramani, na katika ramani hiyo shule ilikuwa imenyooka kama rula, kutoka barabarani hadi kwenye miti ya mapeasi.

Watu wa huku hupenda kuanza na maneno. Kabla msingi haujachimbwa, walikuwa wameshachonga jiwe la kuwekwa juu ya mlango mkuu. Babu yenu alinisomea maneno yake kwa lugha yao, nami nawapa kwa yetu: Mlango Huu Ni wa Wavulana wa Mirtenau. Jiwe likalazwa kwenye nyasi likisubiri shule. Ndipo mtu mmoja alipoitazama ramani vizuri, akaona kwamba ule mstari ulionyooka ulipita katikati ya banda la bata la Bibi Walburga Henning.

Walburga alikuwa mjane. Alikuwa na bustani, banda la bata la mawe lililojengwa na marehemu mumewe, na mjukuu mmoja, Otilia, ambaye wazazi wake walikufa kwa homa. Otilia ndiye bibi yake babu yenu. Kila mkimwona kwenye picha ya ukutani pale, mkumbuke kwamba alikuwa mtoto kabla hajawa picha. Alijifunza kusoma kwa vipande vya magazeti vilivyofungia sabuni, na alikuwa na tabia ya kuuliza habari iliyokatika iliishaje.

Mwalimu Mkuu, Daktari Krull, akaenda mwenyewe kuiomba bustani. Alikuwa mtu mrefu, mnyoofu, ambaye hata akiokota kalamu alikunja magoti ili mgongo usipinde. Walburga alimkaribisha kwenye benchi, akamsikiliza hadi mwisho.

"Chukua bustani, Mwalimu," akasema. "Chukua na banda. Ila mchukue na huyu mtoto, akae darasani na wenzake."

"Mama Walburga, kanuni hairuhusu."

"Kanuni imetungwa na nani?"

"Na baraza."

"Na baraza ni nani?"

Katibu wa baraza alikuwa Mwalimu Mkuu mwenyewe. Akasema kwamba jiwe limeshachongwa. Walburga akamjibu kwamba banda lake nalo ni la mawe, na limetangulia.

Mtu mwenye akili angeifuta kanuni. Mtu mwingine mwenye akili angemwachia mwenzake bustani na kutafuta njia nyingine ya kumsomesha mtoto. Mirtenau haikuwa na hata mmoja wao. Baraza likakutana, likajadili, likaona ni rahisi kupinda jengo kuliko kupinda kanuni. Mwashi, jina lake Gottlob Sasse, akaitwa na kuonyeshwa ramani mpya, ambamo shule ilitoka barabarani vizuri, ikafika kwenye bustani ya mjane, ikajikunja kama kiwiko, ikaendelea upande wa pili.

"Watu watasema nilikuwa nimelewa," Sasse akasema.

"Watu hawatasema kitu," Mwalimu Mkuu akamjibu.

Wamesema hadi leo.

Shule ikajengwa hivyo. Banda la bata likabaki ndani ya kiwiko, limebanwa kuta mbili za shule, mgongo wake umegusa ukuta wa korido. Na hapa pana jambo ambalo baraza halikulifikiria: madirisha. Darasa la hesabu lilifungua madirisha kwenye bustani kutoka upande mmoja, na darasa la Kilatini kutoka upande wa pili. Otilia akikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa kati ya bata, alisikia masomo mawili ambayo hakuna mvulana wa Mirtenau aliyeweza kuyasikia kwa pamoja. Alifanya hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa banda. Bata nao walisikia. Ilikuwa mwalimu wa Kilatini akipandisha sauti, nao wanapandisha, na wavulana wakicheka anadhani wanamcheka yeye.

Jambo la pili ambalo hawakulifikiria lilikuwa maji. Mapaa mawili yakikutana kwenye kiwiko, maji yake yote humwagikia pale pale. Maji hayo yalikuwa na mtaro wa zamani, uliopita chini ya banda la bata na kuteremka mtoni. Majani na manyoya yakauziba. Ilipofika vuli, mvua ikanyesha, bustani ikajaa, na maji yakaingia kwenye korido ya shule kupitia chini ya ukuta.

Mwalimu Mkuu akatuma mtu na koleo. Walburga alikuwa amefunga lango.

"Mwambie mkubwa wako," akasema, "lango langu litafunguka siku lake litakapofunguka."

Basi wakakaa hivyo, yeye na lango lake, na mwenzake na jiwe lake. Wavulana walivuka korido juu ya mbao. Viatu vililoa, vikakaushwa karibu na jiko, na shule nzima ikanuka soksi. Kila alipokutana na Walburga kanisani, Mwalimu Mkuu alivua kofia, naye aliitikia kwa kichwa, kwa adabu kamili, na maji yakaendelea kuingia. Mji mzima uliwasifu. Upande mmoja ulisema Daktari Krull ana msimamo. Upande wa pili ulisema Walburga hayumbishwi. Nimesikia sifa hizo zikirudiwa katika sherehe za shule, na kila mara nimetazama sahani yangu. Maana hakuna aliyeuliza umri wa mtoto. Shule haikupokea mwanafunzi mpya aliyekwisha kutimiza miaka kumi na mitatu, na Otilia alikuwa anakikaribia kikomo hicho huku wazee wakisifiwa.

Theluji ilipoyeyuka mwaka uliofuata, maji yalikuwa mengi kuliko ya vuli. Sakafu za madarasa ya kwenye kiwiko zikaanza kuvimba. Mwalimu Mkuu akahamisha hesabu na Kilatini kwenye vyumba vya barabarani, upande wa mbali, akafunga madirisha yote yanayotazama bustani.

Asubuhi hiyo Otilia alikaa kwenye ndoo yake na hakusikia kitu ila bata. Alingoja. Siku iliyofuata akangoja tena. Kisha akaingia jikoni, ambako bibi yake alikuwa anamenya viazi.

"Bibi, wamehama."

"Nimeona. Sasa wanaumia. Vumilia kidogo, wataitika."

"Hawaumii, Bibi. Wao wanasoma upande wa pili. Nisiyesoma ni mimi."

Walburga akasema kwamba mtu akilegeza kamba mwishoni, amepoteza yote aliyovuta tangu mwanzo. Otilia akamjibu maneno ambayo katika nyumba hii hayajabadilishwa hata moja, nami siyabadilishi.

"Wewe umeshinda, Bibi. Na Mwalimu Mkuu ameshinda. Kamba mnayovutana ni mimi."

Akachukua koleo, akavua viatu, akaingia ndani ya banda. Mtaro ulikuwa chini ya jiwe kwenye kona ya ndani kabisa, na bata hawakupenda afike pale. Walimuuma miguu. Alichota matope na manyoya yaliyooza na majani ya mapeasi ya mwaka mzima, kwa koleo kwanza, kisha kwa mikono. Bibi yake alisimama mlangoni na kisu cha viazi. Hakumzuia, hakumsaidia. Hatimaye maji yakazunguka, yakatoa sauti kama mtu anayemaliza supu, yakaondoka.

Kwenye korido Mwalimu Mkuu aliyaona yakirudi nyuma kwenye mbao. Akafungua dirisha la kiwiko, akamkuta mtoto amejaa tope hadi kwenye nyusi.

"Nani amekuruhusu?" akauliza.

"Hakuna."

"Unataka nini sasa?"

"Warudishe madarasa, Mwalimu. Kule hamsikiki."

Babu yenu alisema kwamba Mwalimu Mkuu alibaki pale dirishani, akitazama ukuta wa banda uliojaa hesabu za mkaa. Alimwonyesha moja kwa kidole, akasema ina kosa. Otilia akamwambia anajua, ila kengele ililia kabla mwalimu hajafika mwisho.

Siku hiyo hiyo Daktari Krull alipita kwenye lango la Walburga, ambalo Otilia alilifungua akitoa matope na hakuna aliyekumbuka kulifunga. Alisema anataka kuuona mtaro. Mlango wa banda ulikuwa wa kimo cha bata na cha mtu anayekuja kuokota mayai, naye, kama nilivyowaambia, hakuwa mtu wa kuinama. Akajigonga. Wote walisikia. Akarudi nyuma, akaushika uso wake, akautazama ule mlango kama anayemtazama mwanafunzi mkaidi. Kisha akainama, akaingia.

Alipotoka alikuwa na unyoya begani na nundu kwenye paji la uso. Akasema, "Ukuta wa nyuma wa banda ni ukuta wa korido."

"Ni wenu. Mmeniegemea," Walburga akasema.

"Jiwe linasema mlango ule ni wa wavulana. Jiwe linasema mlango ule. Halisemi habari ya mlango mwingine."

Walburga akamtazama. "Basi sasa bata wangu wahame?"

"Ningeomba wahame."

"Uliombwa mtoto mmoja, ukakataa. Sasa unaomba bata wote."

Lakini alishaweka kisu chini, na bata wakahamia kwenye kibanda cha kuni.

Sasse akaitwa kwa mara ya pili. Akasimama ndani ya banda, mgongo umekunjika, akiwa ameshika nyundo na patasi, akasikiliza anachotakiwa kufanya.

"Mwalimu Mkuu, nisamehe," akasema. "Kwanza mliniambia niupinde ukuta, nikaupinda. Leo mnaniambia niutoboe. Jiwe la mlangoni lina mstari mmoja tu. Ningelichonga upya kabla ya chakula cha mchana."

"Toboa, Sasse."

Akatoboa. Otilia Henning aliingia shule ya sekondari ya Mirtenau kupitia banda la bata, akiwa bado hajatimiza miaka kumi na mitatu, lakini zilibaki siku chache mno. Hakupigiwa makofi. Mwalimu wa Kilatini alimwambia akae nyuma, na kijana aliyekaa jirani naye akasogeza kiti kwa sababu ya harufu. Aliporudi nyumbani, bibi yake alimuuliza amejifunza nini, naye akasema amejua ile habari iliyokatika iliishaje. Walburga hakuuliza habari ipi.

Wasichana wengine wakamfuata kwa njia hiyo hiyo. Ilipofika majira ya baridi, wavulana wakagundua kwamba ngazi za mlango mkuu hushika barafu na kuwaangusha, na kwamba ndani ya kiwiko hakuna upepo. Wakaanza kupita kwa bata mmoja mmoja, kisha wote. Baadaye walimu wakawafuata. Mlango mkuu ukaachwa, bawaba zikashika kutu, ufunguo ukapotea, na baraza lililokuja baadaye likaamua kuagiza ufunguo mpya, jambo ambalo bado wanalijadili.

Na tangu siku hiyo ya nyundo na patasi, shule ya Mirtenau ina mlango mzuri usiopitiwa na mtu, na juu yake jiwe lisilofutwa, na kila anayekwenda kusoma pale huingilia mahali walipolala bata. Wageni huambiwa pia kwamba mlango ni mfupi ili kumfundisha mwanafunzi unyenyekevu. Wakikuambia hivyo, Habibu, waambie si kweli. Watu wawili walikataa kuinama ilipokuwa rahisi, na sasa mji mzima unainama kila asubuhi, Mwalimu Mkuu na wote.

Haya, weka kitambaa cha maji baridi hapo. Kesho inamisha kichwa.