Bingwa na Kuku wa Majirani

Kina mama, kabla sijafungua mdomo, kila mmoja amshike jirani yake mkono na aape kwamba neno hili halitavuka mlango huu. Mmeapa? Wewe wa nyuma unayecheka, umeapa? Haya. Hata mimi niliapishwa na aliyenihadithia, nikamwapia kwamba sitamwambia mtu. Na sijamwambia mtu. Ninyi si mtu, ninyi ni kusanyiko.

Basi kulikuwa na nchi moja ndogo. Ndogo, jamani! Ukipiga chafya kwenye mpaka wa huku, wa mpaka wa kule wanakuitikia "afya". Na katika michezo nchi ile haikuwa na bahati kabisa. Bondia wao alisifika kwa kuanguka vizuri. Mwogeleaji wao alijifunzia kwenye bwawa la hoteli, tena mpaka wageni waishe. Timu yao ya mpira ikitoka sare tu, watu wanajaa barabarani na masufuria wakiyagonga kama waliochukua kombe.

Akatokea msichana mmoja, mkimbiaji wa mbio ndefu. Akaenda ng'ambo, akawaacha wenzake nyuma kabisa, akarudi na medali ya dhahabu, na tangu hapo nchi ile haijapata nyingine. Mnadhani walimfanyaje? Walimbeba juu kwa juu kutoka uwanja wa ndege, masufuria yakigongwa. Wakachapa sura yake kwenye fulana. Stendi ikaitwa Bingwa, saluni ikaitwa Bingwa, mpaka watoto wachanga wakaitwa Bingwa. Naye mwenyewe akawa Bingwa tu. Jina alilopewa na mama yake likasahaulika. Nimelitafuta sana jina hilo, na mnajua mimi nikitafuta neno hulipata, lakini hilo sikulipata.

Miaka ikaenda. Mama yake akafa. Mume hakupata, maana wanaume walimtazama kama sanamu la uwanjani, na nani anamposa sanamu? Nywele zikaingia mvi. Akawa anaishi peke yake katika mtaa kama huu wetu, nyumba kama hiyo yako. Kila alfajiri anavaa raba zake, anakimbia mpaka bondeni na kurudi, anaoga, anakaa sebuleni. Sebule ilikuwa imepangwa viti vizuri, vina nailoni za dukani bado. Hakuwahi kuzivua. Zitavuliwa na nani, wakati hajakaa mtu?

Sasa msinielewe vibaya. Walimpenda! Hapo ndipo penye uchungu. Kukiwa na msiba, wanawake wote wako uani wanamenya ndizi, wanapashana habari, wanacheka kile kicheko cha msibani cha kujiziba na khanga. Bingwa anafika, anakunja mikono ya gauni, anashika kisu.

"Haa, Bingwa! Wewe tena? Utachafuka!" Kisu kinanyakuliwa. "Mleteeni Bingwa kiti kule mbele, kwa waheshimiwa."

Basi anapelekwa kwenye turubai, anakalishwa katikati ya diwani na mchungaji, nao wanazungumza juu ya kichwa chake habari za barabara. Anasikia kicheko kule uani. Anajua wanamsema nani, na angekuwa na la kuongeza. Nani atampa nafasi?

Akienda kuomba chumvi kwa jirani, hapewi kijiko na maneno mawili. Anapewa pakiti nzima, mikono miwili, mtu amepiga goti. "Chukua tu, Bingwa, usijisumbue kurudisha." Kumbe alitaka sana kujisumbua.

Na jumuiya ya sala, ambayo huzunguka nyumba hadi nyumba, kwake ilikuwa inaruka. Kila mtu alisema hivyo hivyo: "Yule ana wageni wake wakubwa. Sisi na magoti yetu ya vumbi tutakaa wapi?" Wageni gani? Mgeni wake alikuwa redio.

Ila mtaa ule ulikuwa na desturi moja. Mtu akipotelewa na kuku, hakusimama mlangoni kwa mwenzake na kuuliza, "Umeona kuku wangu?" Ukiuliza mlangoni ni kama umesema, "Mwizi ni wewe." Ilikuwa lazima uingie ndani, ukae, usalimie, uulizie afya ya nyumba nzima, unywe hata maji. Mwisho kabisa, unapoinuka, ndipo unasema kama aliyekumbuka kitu, "Hivi, hamkuona tetea wangu mwekundu?"

Siku moja tetea wa fundi cherehani, mjane wa nyumba ya pili, akapotea kweli. Mjane akazunguka mtaa mzima, na kwa kuwa kuku alikuwa hajapatikana, akafika hadi kwa Bingwa.

Bingwa alipofungua mlango alidhani amekosea nyumba.

"Hodi tena, Bingwa. Nimekuja... nimekuja kukusalimu tu."

"Kunisalimu mimi?"

"Kwani wewe husalimiwi?"

Mjane akakaa. Nailoni ikalia kwarakwara chini yake. Akaulizia goti la Bingwa, lile lililokuwa likimsumbua tangu zamani. Akasema mvua zimechelewa. Akasema, mimi sijasema, ni yeye aliyesema, kwamba binti wa mwenye duka anatoka na mwalimu wa kwaya. Bingwa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Chai ikanywewa, ikaongezwa. Mjane alipoinuka akasema, "Hivi, hujaona tetea wangu mwekundu?"

Bingwa hakuwa amemwona. Lakini mjane alipotoka, yeye alibaki amesimama pale mlangoni, anatazama kiti. Nailoni ilikuwa imebonyea. Hakuinyoosha. Akala chakula chake cha jioni ameketi mbele ya kiti kile.

Mmeshajua alichofanya? Mmeshajua. Wezi hamwelezwi mambo.

Saa ile kuku wanapoingia bandani, Bingwa akapita uani kwa watu na raba zake zisizo na sauti, akamchukua jogoo wa mwenyekiti wa mtaa. Akamfungia jikoni kwake, akampa mahindi na maji safi. Kesho yake, hodi! Mke wa mwenyekiti. Akakaa, akanywa chai, akasema habari za wakwe zake kwa kirefu. Alfajiri iliyofuata Bingwa akamrudisha jogoo alipokuwa akienda mbio zake. Kisha akachukua wa mama muuza maandazi. Kisha wa katekista.

Mtaa ukachanganyikiwa. Kuku wanapotea wamekonda, wanarudi wanono! Mmoja akasema ni mwewe aliyeokoka. Mwingine akasema ni jini, na kwamba kuku akisharudi hivyo haliwi. Wengine walikuwa wanaacha kuku wao nje makusudi, wapate kunenepeshewa. Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa sheria. Akasema, "Kuku wangu anone asinone, aliyemchukua ni mwizi." Akatega. Akamwacha jogoo wake uani, akawaficha vijana nyuma ya mabafu, na nyuma ya kila dirisha kukawa na jicho.

Jua lilikuwa halijazama. Bingwa akaja. Akainama, akamtia jogoo kwapani chini ya khanga.

"Mwizi!"

Mtaa wote ukamwagika. Wanawake na miiko, wanaume na fimbo, mwenyekiti mbele na tochi wakati bado kweupe. Halafu wakamwona ni nani, na kelele ikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Sasa nisikilizeni. Njia ya bondeni ilikuwa wazi mbele yake. Pana, haina mtu. Goti bovu au zima, hakuna hata mmoja pale ambaye angeona vumbi lake, na wote walilijua hilo. Kila mmoja moyoni alikuwa anaomba, "Kimbia, mama, kimbia tusione aibu hii."

Hakukimbia. Aligeuka, jogoo kwapani, akaanza kutembea kwenda nyumbani kwake. Akatembea polepole. Alitazama nyuma mara kwa mara kuhakikisha hawaachwi.

Mlangoni kwake mwenyekiti akamshika mkono. Na mwenyekiti yule, jamani, alikuwa amevaa ile fulana ya zamani, imepauka, yenye sura ya msichana anayekata utepe.

"Bingwa," akasema. "Mbona hukukimbia? Njia ilikuwa wazi."

"Nimekimbia sana, mwanangu. Kila nilipogeuka nyuma, hamkuwapo. Leo mmenifikia." Akasukuma mlango kwa kiwiko. "Jogoo huyu hapa, ni wako. Lakini kuku hauliziwi mlangoni. Karibuni mkae."

Wakatazama ndani. Wakaona viti vimepangwa ukutani. Wakaona vikombe vimeoshwa na kufunikwa, vingi, vya watu wengi, kwenye nyumba ya mtu mmoja. Na nailoni zote zinang'aa, isipokuwa pale palipobonyea kidogo kidogo, na kila mwanamke akatambua pake, mahali alipokaa siku aliyopotelewa na kuku.

Mjane ndiye aliyeingia kwanza. Akakaa, nailoni ikalia kwarakwara. Kisha akaamka tena, akashika ile nailoni kwa mikono miwili, akaichana yote kutoka juu hadi chini.

Haya, kina mama. Mwizi alikamatwa, kidhibiti mkononi, mbele ya watu wote. Nani alikuwa mwizi? Msinijibu haraka. Yule aliyechukua kuku alimrudisha, tena amenona. Mtaa ule ulichukua nini cha mwanamke yule? Ulichukua jina lake, sura yake, furaha ya siku ile ya masufuria, na ulirudisha nini? Pakiti ya chumvi!

Na sisi tusijifanye wageni wa hadithi hii. Sisi tunajua kumpa mtu heshima ili tusimpe muda wetu. Tunamkalisha mbele ili asikae nasi. Tunasema, "Huyo ana watu wake," na hatujawahi kuwaona hao watu. Mungu hatatuuliza kama tulimpigia makofi. Atatuuliza tulikaa wapi nyumbani mwa mtu huyo.

Mtasema, "Mama, hiyo ni nchi nyingine, huku kwetu hakuna mtu wa hivyo." Sawa. Basi fumbeni macho kidogo. Nikisema kuna nyumba moja hapa mtaani kwetu ambayo kila mtu anaisalimia kwa mbali na hakuna anayeingia, ni nyumba ya nani?

Jina limekuja, siyo? Limekuja upesi, wala hakuna aliyehitaji kufikiri.

Fumbueni macho, mtazamane. Mmekamatwa wote, na kuku kwapani.