Msala wa Nasra na Nyumba Tatu za Sauti

Hapo zamani, na zamani hii si ya mbali, wengi wenu mlikuwa mmeshazaliwa, palikuwa na mama mmoja mjini Kondoa, jina lake Bi Mwantumu. Mungu alimpa mtoto mmoja, akamwita Nasra. Akamlea, akamsomesha, mtoto akawa mwalimu. Bi Mwantumu mwenyewe hakusoma. Alipokuwa mdogo shule ilikuwa ng'ambo ya mto, na mtoto wa kike mwenye mbuzi wa kuchunga hakuna aliyemvusha mto kwa ajili ya kalamu.

Nasra alipokuwa mkubwa alimwambia mama yake kwamba atamfundisha kusoma. Mama akacheka, akasema kichwa chake kimeshajaa mambo ya jikoni. Nasra hakubishana naye. Alichukua simu, akajirekodi sauti, na kila somo alilianza namna moja: "Mama, umeshindaje? Sogea karibu. Leo tunasoma herufi hii." Akienda kazini, anamwachia mama simu nyingine yenye somo. Mama anachambua mchele, anasikiliza, anafuata herufi kwa kidole kwenye karatasi. Somo kwa somo, Bi Mwantumu akaanza kusoma majina ya maduka.

Nasra akawaza: akina mama wasiosoma wako wengi, kwa nini sauti hii ibaki jikoni kwetu? Akataka tovuti.

Ninyi mnaonisikiliza, msiogope neno hilo. Tovuti ni nyumba, ila haina matofali. Hapo mwanzo kila aliyetaka nyumba hiyo aliijenga kwa mkono wake, fito kwa fito, na waliojua kujenga walikuwa wachache. Baadaye ikatoka mifumo. Mfumo ni nyumba iliyokwisha kusimamishwa. Wewe unaingia tu, unapanga vitu vyako, maneno huku, picha kule, sauti pale. Watu wakaipenda. Mwaka kwa mwaka wajenzi wa fito wakapungua, wapangaji wa mifumo wakaongezeka, na bado wanaongezeka.

Nasra alikwenda kwa binamu yake Hashiri, mwenye duka la kutoa nakala karibu na stendi. Hashiri alijua mfumo mmoja tu. Enzi hizo mfumo huo ulikuwa wa pili kwa ukubwa duniani, na mtu aliyeujua alijiona. Hashiri akamjengea Nasra nyumba bila kudai chochote. Masomo ya kwanza yakakaa humo, na akina mama wa Kondoa wakaanza kusikiliza.

Lakini watu wakauhama mfumo ule. Mwaka huu wanatoka hawa, mwaka ujao wale, hata ikawa katika tovuti mia huzioni mbili zinazoutumia. Mafundi wake wakazeeka nao. Kwenye simu ndogo za akina mama nyumba ya Hashiri ilifunguka kwa shida, mlango unagoma, sauti inakatika.

Nasra alikuwa na rafiki aitwaye Shamimu, walisoma naye chuo. Shamimu akamwambia wahamie kwenye mfumo wa wengi. Huo, katika kila tovuti mia za dunia, zaidi ya arobaini zimo ndani yake. Ukikwama, fundi yuko kila mtaa. Ukitaka chombo cha kuongeza, kipo. Hashiri hakufurahi.

"Kaka Hashiri," Shamimu alimwambia, "mfumo wako watu wote wanauhama."

"Wanahama watu," Hashiri akajibu. "Mimi umeniona nimebeba godoro?"

Wakacheka, kisha wakahama. Shamimu alifanya kazi hiyo kwa mikono yake, na Nasra akaendelea kurekodi masomo mapya katika nyumba mpya. Sauti ikatoka Kondoa, ikafika Babati, ikafika Singida, ikavuka mpaka. Akina mama wasiojuana wakawa wanasikia mtu akiwauliza, "Mama, umeshindaje?" Nyumba ya zamani Hashiri hakuivunja. Aliiacha iendelee kwenye kompyuta yake ya nyuma ya duka. Watu walimtania kwamba analinda gofu.

Mfumo wa wengi una jambo lake. Kwa kuwa nyumba zake ni nyingi na zinafanana, mwizi akijifunza kufungua moja amejifunza kufungua nyingi. Wenye mfumo wanalijua hilo, kwa hiyo kila mara wanatoa kufuli mpya, na mwenye nyumba kazi yake ni kubonyeza kitufe cha kusasisha. Nasra alikibonyeza kila Ijumaa, kabla ya kutandika msala wake kwa sala ya adhuhuri. Ndiyo ilikuwa desturi yake.

Kisha Mungu akamchukua Nasra. Aliugua, akalazwa, akafa. Sitasema zaidi. Aliyezika mtoto anajua, na ambaye hajazika, Mungu amwepushe.

Ijumaa ya kwanza baada ya maziko Shamimu alikuja kwa Bi Mwantumu, akaomba simu ya Nasra, maana funguo za nyumba ile zilikuwa humo peke yake. Alisema kuna kufuli imechakaa, inataka kubadilishwa, ni jambo la kubonyeza mara moja tu. Lakini kwao vitu vya marehemu havishikwi mpaka arobaini ipite na warithi wakae. Nguo zilikuwa zimefungwa kwenye sanduku. Msala ulikuwa umekunjwa. Simu nayo ilikuwa humo.

"Mwanangu, usiguse," Bi Mwantumu alisema. "Tusubiri arobaini."

Shamimu aliinamisha kichwa, akaitikia, akaondoka.

Katika siku hizo mama alisikiliza masomo kwa simu yake mwenyewe, kila baada ya alasiri. Alikuwa ameyamaliza yote isipokuwa moja. Lile la mwisho, ambalo Nasra alilirekodi kabla tu ya kulazwa, hakulifungua. Majirani walimuuliza kwa nini, naye akawaambia kwamba akilisikia hilo, Nasra hatakuwa na neno jipya la kumwambia. Kwa hiyo aliyarudia yale ya zamani, akaliacha lile likimsubiri.

Arobaini haikuwa imefika. Alasiri moja alifungua nyumba ya mwanawe, akakuta sarafu za dhahabu zinamwagika kwenye kioo na maneno mekundu. Akayasoma. Alijua kusoma sasa, ndiyo maana aliyaelewa. Yalikuwa yanaita watu waje kucheza kamari. Akagusa huku, kamari. Akagusa kule, kamari. Sauti ya Nasra haikuwepo.

Mnajua kwamba mtu akifa kazi zake hukatika, isipokuwa mambo machache, na elimu yenye manufaa aliyoiacha ni mojawapo. Inamfuata kaburini kama sadaka isiyokoma. Bi Mwantumu alikuwa ameishikilia imani hiyo kwa mikono miwili. Sasa akaenda kwa imamu, akakaa chini, akauliza kwa sauti ya taratibu: "Mlangoni pana jina la mwanangu, na ndani pana kamari. Huko aliko anaandikiwa nini?"

Imamu alimwambia kwamba Mungu ni mwadilifu, na dhambi ya mwizi hubebwa na mwizi. Mama aliyakubali maneno hayo. Lakini alirudi nyumbani akala kidogo sana. Kesho yake akaweka nadhiri mbele ya majirani: atakayemrudishia sauti ya mwanawe, atampa msala wa Nasra. Ulikuwa msala mwekundu, umefifia pale magoti yalipokuwa yakigusa na pale kipaji cha uso kilipokuwa kikigusa. Kitu kingine cha thamani hakuwa nacho, na hicho hakigawanyiki.

Shamimu alikuwa wa kwanza kufika. Safari hii alipewa simu, ingawa sauti hazikuwemo, kwani Nasra alizifuta humo kila alipokwisha kuziweka kwenye tovuti. Akaifunga nyumba siku ile ile, kamari ikatoweka. Lakini wezi walikuwa wameshafuta sauti zote ili wapate nafasi ya mambo yao, na nakala za akiba alizokuwa ameziweka Shamimu zilikuwa humo humo ndani, nazo zimekwenda. Shamimu alilia. Halafu akafuta machozi, akaanza kutafuta wasikilizaji. Mfumo wa wengi ulikuwa umewafikia wengi. Aliwaandikia wa Babati, wa Singida, wa ng'ambo ya mpaka, akiuliza ni nani aliyelihifadhi somo lolote kwenye simu yake. Wakamtumia. Huyu moja, huyu mawili, huyu nusu yenye kelele za kuku. Masomo ya mwisho yote yakapatikana kwa njia hiyo, hata lile la mwisho kabisa, kwa mama mmoja muuza vitunguu.

Ila yale ya kwanza hakuna aliyekuwa nayo. Ya kwanza mtu huyajua haraka, hayaweki.

Hapo Hashiri akaenda nyuma ya duka lake, akapangusa vumbi kwenye kompyuta, akawasha kioo chake. Gofu lilikuwa zima. Wezi hawakuligusa, kwa kuwa hakuna mwizi anayejisumbua kujifunza mlango ambao karibu kila mtu ameshauacha. Masomo ya kwanza yote yalikuwemo, safi, sauti ya Nasra akiwa bado msichana.

Wa tatu hamjamjua bado. Aliitwa Kibwana, kijana wa Dodoma, hajawahi kuonana na Nasra. Mama yake, aliyeko kijijini Kolo, alikuwa amejifunza kusoma kwa masomo yale, sasa anaisoma kadi yake ya kliniki bila kuomba msaada. Siku ile nyumba ilipofungwa alimpigia Kibwana, akamwambia, "Yule mwanangu wa kwenye simu amenyamaza. Nenda ukamtazame." Kibwana akapanda basi.

Kazi yake ilikuwa kuzitengenezea nyumba za kulala wageni, zile za matofali, tovuti katika mifumo ya kukodi. Mifumo hii inakua mwaka hata mwaka. Unalipa kodi, na wenye nyumba wanalala mlangoni kwa niaba yako, wanabadilisha kufuli wao wenyewe, huna cha kubonyeza. Kibwana alipokea vipande vya Shamimu na masomo ya Hashiri. Akayasikiliza yote, akatoa kuku, akaondoa marudio, akayapanga kuanzia herufi ya kwanza hadi mwisho. Akayaweka katika nyumba ya kukodi, akalipa kodi ya miaka mingi mbele. Kisha akamwonyesha Bi Mwantumu pa kugusa.

Mama akagusa. "Mama, umeshindaje? Sogea karibu."

Bi Mwantumu alifunika uso kwa mtandio, akasogea karibu na simu.

Arobaini ilipopita, warithi wakakaa, wakakubali nadhiri itimizwe. Watu wakakusanyika kwa Bi Mwantumu baada ya alasiri. Msala ulikuwa umekunjwa juu ya kiti. Ikatolewa kahawa. Wale watatu wakaombwa waseme, na kila mmoja alikuwa anautaka msala ule kwa moyo wake wote, wala hakuona haya kuutaka.

Hashiri akasema: "Shangazi, mimi nilimjengea nyumba ya kwanza, na watu waliponicheka sikuivunja. Wengine walifuata wengi, mimi nikabaki na kitu cha Nasra. Kama si mimi, sauti hii ingeanzia wapi?"

Shamimu akasema: "Mama, katika nyumba ya kaka Hashiri sauti ilikuwa inasikika mpaka stendi tu. Mimi niliipeleka kwa wengi, na hao wengi ndio walioirudisha. Somo la mwisho halikuwa kwa mwingine yeyote. Kama si mimi, ingefika kwa nani?"

Kibwana akasema: "Mama yangu, mimi ni mgeni hapa. Sikuanzisha, sikusambaza. Niliokota vipande, nikavifanya kitu kimoja, nikakiweka mahali ambapo hakuna wa kubonyeza na hakuna wa kusahau. Kama si mimi, ingekaa wapi?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Lakini Hashiri alikuwa na lake moyoni, akamgeukia Shamimu, akasema kwa utani usiokuwa utani: "Dada, wageni wako walikuwa wengi kweli. Hata wezi uliwakaribisha." Akamgeukia na Kibwana: "Na wewe, kodi ikiisha je? Nyumba si yetu. Hata mlango hatuwezi kuung'oa tukaondoka nao."

Kibwana akajibu polepole kwamba ni kweli, na kwamba atalipa maadamu yu hai. "Na wewe kaka," akasema, "siku kompyuta yako ikifa, ni nani Kondoa hii atakayejua kuifufua?" Hashiri akainua kikombe chake cha kahawa.

Shamimu hakujibu neno. Angeweza kusema jambo moja tu na aibu ya wezi ingemtoka. Alijua, na alitazama chini.

Bi Mwantumu akamwona. Akasema: "Mwacheni Shamimu. Alikuja Ijumaa ya kwanza kubadilisha kufuli, mimi nikamwambia asiguse. Siku zote hizi mmemsema, naye hakunitaja."

Hashiri aliweka kikombe chini, akamwomba Shamimu radhi, na Shamimu akasema hapakuwa na kitu.

Sasa jambo likawa gumu zaidi. Kuna aliyeanzisha, akabaki mwaminifu kwa kilichoachwa. Kuna aliyefikisha kwa wengi, akabeba lawama isiyo yake kwa kumstahi mama mfiwa. Kuna aliyekusanya na kulinda, naye marehemu hakuwa ndugu yake wala rafiki yake, ila alimfundisha mama yake.

Imamu aliulizwa, akasema nadhiri ni ya mama, aamue mama. Mama aliulizwa, akasema wote watatu anawaona sawa, kama vidole vya mkono mmoja, na hajui kidole kipi akivishe pete. Akasema pia kwamba lile somo la mwisho limo ndani ya simu yake, zima, linamsubiri. Lakini hatalifungua nadhiri ikiwa haijatimizwa. Anataka kulisikia akiwa na moyo mweupe.

Mpaka ninapowasimulia, msala umekunjwa juu ya kile kiti. Mama amekaa kando yake, simu iko mapajani. Hatafungua mpaka tumwambie.

Ninyi mliosikia, semeni. Kati ya Hashiri, Shamimu na Kibwana, je, nani alistahili msala wa Nasra?