Gurudumu Lililotangulia Harusini

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, zamani hizi hizi za juzijuzi, palikuwa na kijana wa Upareni aitwaye Kiangi, na Kiangi alikuwa na gari la kupandia milima. Akaliinua kwa springi ndefu mpaka mama zake wakawa wanalipanda kwa kigoda. Gari likaenda juu, lakini likawa linayumba kila kona. Watu wakamwambia, "Kiangi, gari lako limelewa." Akaumia, maana alikuwa karibu kuoa, na nani anataka kwenda kwa wakwe na gari linalochekwa?

Akaenda kwa Fundi Mbwambo. Fundi akamfungia spesa, vile vipande vinene vya chuma vinavyokaa nyuma ya gurudumu na kulisukuma nje. Gari likatanua miguu, likatulia. Kisha fundi akasema mbele za watu, "Nati za spesa zimejificha nyuma ya gurudumu, na gari likishatembea kidogo hulegea. Lirudishe nivue magurudumu nizikaze tena. Usisahau." Kiangi akasema hatasahau. Nani kati yenu hajawahi kumwambia fundi hivyo?

Kiangi akabeba mchele, akabeba viti, akabeba wajomba. Hakurudi.

Asubuhi ya harusi fundi akaona bora aende mwenyewe, jeki begani, spana mkononi. Akamkuta Shangazi Nakundwa, dada wa baba yake Kiangi, amesimama mbele ya gari kama askari. Wiki nzima shangazi alikuwa ameshona sketi nyeupe za marinda, akalivisha kila gurudumu sketi yake na kuifunga kwa riboni.

"Unataka nini, Mbwambo?"

"Kuvua magurudumu, shangazi. Nikaze nati."

"Uvue? Na sketi zangu?"

"Nazo zitavuliwa kidogo."

"Gari la harusi halivuliwi nguo mbele za watu! Weka chini hiyo jeki. Kuna makande jikoni."

Fundi akaiweka jeki chini. Akala makande, akaongezwa, akala. Msafara ulipoondoka, akapanda nyuma ya gari pamoja na shangazi na waimbaji.

Njia ya kwa wakwe ni ya kushuka. Usukani ukaanza kutetemeka. Kiangi akadhani ni mikono yake, kwa kuwa hakuwa amewahi kuoa. Nyuma kukagonga ko, ko, ko. Shangazi akadhani ni mtu anapiga ngoma, akapandisha sauti.

Sasa huko chini alikuwapo Mzee Senkoro, baba wa bibi harusi. Alikuwa amepika pipa zima la dengelua, pombe ya miwa. Pombe ya wazee kwa desturi yao hukaa uani, imefunikwa majani ya mgomba, mpaka iitwe. Lakini mzee alitaka wakwe walione pipa tangu kwenye kona. Mkewe akamwambia lirudishwe uani, yeye akamwambia akaangalie wali wake. Pipa likakaa getini, mwisho kabisa wa mteremko.

Kwenye kona ya mwisho gurudumu la nyuma likachomoka, spesa na yote, na sketi yake nyeupe, likashika njia peke yake. Gari likakaa kitako, waimbaji wakalaliana, hakuna aliyeumia. Kule chini akina mama wakaona kitu kimevaa nyeupe kinakuja mbio. Wakapiga vigelegele! Gurudumu likapita katikati ya vigelegele hivyo, likalipiga pipa dafrao, na dengelua yote ikanywewa na vumbi.

Wazee wa ukoo wakabaki wamesimama na vibuyu vitupu. Wakasema, "Bila dengelua hatukai kikao, na tusipokaa binti hatoki. Mwenye kosa apige magoti hapa, akiri ujinga wake, aahidi kupika upya. Akipiga magoti tutakaa."

Kiangi akasema, "Mimi nilisahau, kweli. Lakini fundi alikuja na spana yake. Angekaza, tusingekuwa hapa."

Fundi akasema, "Nilisema, nikaja, nikafukuzwa. Nikapanda humo humo ili nisikie nati zikianza kugonga."

"Ulizisikia?" wazee wakamuuliza.

"Shangazi alikuwa anaimba."

Shangazi akasema, "Nilimzuia kwa sababu ya sketi. Angeniambia gurudumu litachomoka, ningezichana kwa meno yangu! Alisema anakaza nati. Mimi najua nati? Na tena, gurudumu halikuua hata kuku. Aliyeweka pipa njiani nani?"

Mzee Senkoro akasema, "Pipa ni langu, geti ni langu. Tangu lini pombe ikashtakiwa kwa kugongwa?"

Hapo kelele zikawa za soko. Wazee wakashindwa. Wakaona njia moja tu, wakamwita bibi harusi.

Akatoka Namsifu, shela kichwani. Alimpenda Kiangi, alimpenda na gari lake lile la kuchekwa, na alikuwa amekesha akiomba siku ile isiharibike. Wazee wakamwambia, "Binti, hawa wote ni watu wako, au watakuwa. Mtaje mmoja, hatutabisha. Usipotaja, wageni warudi kwao na harusi hii haipo."

Namsifu akamtazama Kiangi. Kumpigisha magoti mume mbele ya ukoo, kisha umwandalie chakula jioni? Akamtazama shangazi. Huyo ndiye wanayekwenda kukaa naye nyumba moja, jiko moja. Akamtazama baba yake, naye ndiye anayetakiwa kumbariki kabla hajavuka geti. Basi fundi, mtasema, si ndugu wa mtu! Lakini jeki ni ya fundi na spana ni ya fundi, gari liko kitako kwenye kona, na fundi alikuwa ameshaanza kukunja mikono na kununa.

Namsifu akainua shela. Nyie mnaocheka, acheni kucheka mumsaidie, amesimama anangoja na jua linakwenda. Je, amtaje nani?