Sharubu la Chui na Jiwe la Moto

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na baridi!
Kidogo?
— Kali!

Haya, tulieni! Nakijwa, acha kurusha miguu. Hadithi yenyewe inaniwasha ulimi.

Juu kabisa mlimani, mate yaliganda kabla hayajafika chini. Palikuwa na jiwe moja tu la moto, lililotemwa na mlima wenyewe. Nani kalikalia? Chui! Peke yake!

"Atakayeligusa, namla! Ngrrr!"

Mama Pimbi alikuwa na watoto wawili, wadogo kama viazi. Walitetemeka, tet-tet-tet. Kisha yule mdogo akaacha kutetemeka. Jamani! Mtoto wa baridi akiacha kutetemeka, anakwenda huyo. Mama akatoka mbio.

"Shikamoo, Mzee Chui."

"Marahaba. Usiguse!"

"Siligusi, mzee. Naomba kuweka jiwe langu kando ya lako, jioni nalichukua."

Chui akacheka mpaka akakohoa. "Kando? Kwani joto lina miguu? Weka! Ila nitapitisha sharubu langu katikati. Likikwama, umegusa, nawala wote watatu."

Mama Pimbi akasugua jiwe lake, kwaru-kwaru, likawa laini. Akalisogeza. Akalisogeza. Akalisogeza tena, roho mkononi, akaacha mwanya wa sharubu tu. Na joto nalijua mimi! Mwanya ukiwa mpana, linasitasita. Mwanya ukiwa mwembamba, linaruka, pu-pu-pu! Tena penye baridi kali ndipo linaporuka mbali zaidi.

Chui akapitisha sharubu. Swii! Likapita. Jioni Mama Pimbi akabeba jiwe lake, la moto, akampa mdogo alilalie. Mdogo akatetemeka tena, akapiga chafya. Mama akalia kwa furaha.

Kesho yake akaleta jiwe jingine. Swii! Likapita. La Chui likawa vuguvugu.

Kesho kutwa, jingine. Swii!

"Nani kaligusa?" Chui akafoka.

"Hakuna, mzee. Si umepima mwenyewe?"

Siku ya nne Chui akakaa juu ya jiwe lake, akaruka. Barafu! Akaenda pangoni kwa Pimbi, taya zimeganda, hata kung'ata hawezi.

"Ho-ho-hodi."

"Karibu, mzee. Pangoni mna mawe matatu ya moto. Sogea, ila usiguse. Sharubu lipite."

Chui akasogea. Akasogea. Lakini mwili wote unatetemeka, tet-tet-tet, utaachaje mwanya? Mama Pimbi akamng'oa sharubu, akapitisha. Kwi! Likakwama.

"Umegusa, mzee. Sheria yako inasema uliwe. Bahati yako mimi nala majani. Shuka bondeni."

Chui akashuka.

Hadithi nimeitua, mwenye nguvu aibebe. Na fundisho lake ni hili: mwenye baridi akikaa mbali na wenzake, joto haliruki.

Sasa ninyi mbona mmekaa huko? Sogeeni hapa, babu yenu anaganda!